Mama Drapo Hakula

"Mama Drapo! Upime muzuri, usikule kopo yetu!"

Hiyo ndiyo salamu aliyopewa Fabiola Uwitonze wiki nzima pale Birere, na Jumamosi hii haikuwa na nafuu yoyote. Alikuwa ameinamia gunia la maharagwe, kopo mkononi, huku vijana wa pikipiki wakipunguza mwendo makusudi wapate kumtania, kisha wanatia moto na kwenda zao wakicheka. Fabiola alijaza kopo mpaka maharagwe yakafanya kichuguu, akaongeza konzi moja juu yake, akamtazama mteja usoni.

"Umeona, mama? Nimeongeza. Uwe shahidi yangu."

"Nimeona, mama. Mimi sina neno. Mimi siko wa Radi."

Na mteja naye akacheka. Ewe! Hata mnunuzi wa maharagwe siku hizi ana mdomo.

Basi tuseme mapema jambo lenyewe, maana Goma nzima ililijua. Siku za soko Fabiola aliuza maharagwe yanayoshuka kutoka Kalengera, na alasiri za wikiendi alikuwa mshika kibendera katika ligi ya mitaa, mwanamke pekee kati ya wanaume wenye vitambi. Watu walimwita Mama Drapo, yaani mama wa kibendera, kwa mapenzi. Alipokimbia pembeni ya uwanja, kaptula imemfika magotini na kilemba kimekazwa, hata waliofungwa walimpigia makofi. Kisha ikaja Jumapili iliyopita. Radi ya Birere walikuwa wanacheza na Chui wa Katindo, mechi inaelekea kuisha bila bao, na mshambuliaji mmoja wa Chui amesimama nyuma ya mabeki wote, ameotea waziwazi, peke yake na kipa, kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Mpira ukamfikia. Uwanja mzima ukamtazama Fabiola. Kibendera chake kikabaki chini. Bao likaingia, Radi wakafungwa, na Fabiola alipozingirwa akaapa kwa sauti: "Sikuona mutu pale! Haki ya Mungu, sikuona mutu!"

Afadhali angenyamaza. Mtu yule alionekana na vipofu wa kanisani. Kwa hiyo kila mmoja akafikia neno lilelile: amekula. Na kula huku si kula ugali. Mwamuzi akila, amepokea kitu gizani, amekiweka chini ya kilemba, ameuza mechi.

Sasa leo saa tisa alasiri alitakiwa asimame mbele ya Komite ya Ligi, uwanjani, na Prezida Nshimiyimana alikuwa ameshaahidi kwamba hukumu itasomwa kwa megafoni. Megafoni ndiyo iliyomnyima Fabiola usingizi. Kufukuzwa angeweza kuvumilia. Lakini nani atanunua maharagwe kwa kopo la mtu aliyetangazwa na megafoni kwamba anakula?

Mtu wa taksi, yaani ushuru wa soko, alifika na kitabu chake cha risiti. Alikata tiketi, akapokea, kisha kama kila asubuhi akachota maharagwe kwa kiganja na kuyatia katika mfuko wa koti.

"Mama Drapo, unakulaka peke yako hivi? Utugawie na sisi kidogo."

"Wewe je, hiyo iko kwa mufuko ni nini?"

"Hii? Hii ni mboga tu, mama." Akaenda meza ya pili na mfuko wake umevimba.

Huyo hakuna aliyewahi kumwita mla. Fabiola alimsindikiza kwa macho, akafyonya, akafunga mdomo wa gunia. Gunia lenyewe lilikuwa limepanda bei tena, maana njia ya Kalengera ilikuwa na vizuizi vipya na kila kizuizi kina tumbo lake. Akamwachia meza jirani yake Igihozo, muuza vitunguu.

"Unaenda wapi saa hii?" Igihozo aliuliza.

"Katindo, kwa daktari wa macho. Kwa ile tansiyo yangu."

"Basi usikasirike njiani. Tansiyo haipendi kasirani."

Na hapo pia pana hadithi. Mwanzoni mwa mwezi huo Christa, dada mmoja anayefanya kazi katika kliniki ya macho, alikuwa amekuja kununua maharagwe. Alinyoosha noti kutoka upande wa kushoto, akangoja, akangoja, mkono ukachoka, Fabiola anaendelea kupanga makopo kama hakuna mtu. "Mama, hauoni mukono yangu?" Christa aliuliza. Fabiola akaruka kwa mshtuko. Christa hakucheka. Alimwambia aje kupimwa, akapimwa, akaambiwa ana tansiyo ya macho.

Sasa mwambie mtu wa Goma "tansiyo" uone. Kwetu tansiyo ni moja tu, presha ya damu, na dawa zake zinajulikana: hakuna chumvi na hakuna hasira. Fabiola alipofika nyumbani na neno hilo, mume wake Twagirayezu, fundi seremala, mtu mpole mwenye mapenzi ya kupita kiasi, alitoa chumvi yote ndani ya nyumba siku hiyohiyo akaipeleka kwa jirani. Familia nzima ikaanza kula maharagwe yenye ladha ya maji ya mvua. Kisha akapiga marufuku habari mbaya. Kuku wao alipoibwa, Fabiola aliambiwa kuku amekwenda kutembea Rutshuru. Bei ya makala ya kupikia ilipopanda, aliambiwa makala yamepumzika. Hata zile kelele za kula mechi, Twagirayezu aliziba mlango zisiingie, lakini soko halina mlango.

Kliniki ilikuwa imejaa. Jenereta ilinguruma nyuma, wagonjwa wameketi kwenye mabenchi, wengine wamelala vichwa mabegani mwa watoto wao. Christa alimpokea Fabiola kwa tabasamu akampeleka chumba cha ndani, ambamo mashine mbili zilikaa zikitazamana.

"Mama, hii ya zamani ni aparei ya picha," Christa alieleza. "Inapiga picha ya nyuma ya jicho, kisha daktari anapima shimo la neva kwa mistari. Hii ingine ni mupya. Inakata jicho na mwangaza, inaonyesha tabaka kwa tabaka."

"Inakata?"

"Bila kisu, mama! Mwangaza tu. Tunalinganisha. Macho moja, siku moja, mashine zote mbili, tuone zinasema sawa ao hapana. Ndiyo maana tunaita watu wengi."

"Kwa hiyo mimi ni mechi ya kirafiki."

Christa alicheka mpaka akashika meza. Fabiola akaweka kidevu kwenye kile kikombe cha mpira, akaambiwa asipepese. Mtu aliyezoea kukimbia pembeni ya uwanja, mwambie akae kimya kama sanamu uone kazi. Mashine ya picha ilimulika ghafla, yeye akaita "Yesu!" na kuinuka, ikabidi warudie. Mashine mpya haikumulika. Ilimwonyesha kinyota cha kijani tu, ikalia taratibu, na Fabiola akakitazama kinyota kile kama anavyotazamwa mchezaji anayetaka kuvuka mstari.

Baadaye daktari aliingia. Jina lake Modeste, bado kijana, miwani inateleza puani, na karatasi za mashine zote mbili mkononi. Aliziweka kando kwa kando mezani. Moja ilikuwa picha ya duara la rangi ya chungwa lenye mishipa. Nyingine ilikuwa na vipande vya rangi: kijani kidogo, njano kidogo, na nyekundu, nyekundu nyingi.

"Hiyo ni kadi nyekundu, Daktari?"

"Karibu hivyo, mama." Modeste alikuna kichwa. "Iko hivi. Kwa picha, shimo lako ni la kawaida. Ningeona picha peke yake, ningekurudisha nyumbani. Lakini mashine mupya inasema nyuzi za neva zimekuwa nyembamba. Sana."

"Basi moja inadanganya."

"Hapana. Kila moja inasema kile inaona."

Fabiola alimkunjia uso. Jibu la namna hiyo alikuwa amelisikia kwa waamuzi wengi. Christa akaona na kuingilia kati.

"Mama, kwenu mulichimba choo?"

"Kwa haya mawe ya volkano? Papa Umuhoza, bwana yangu, alikaribia kufa mule. Nyundo mbili zilivunjika."

"Bon. Mutu akisimama juu, apige picha ya hilo shimo, utajua urefu yake?"

"Hapana. Utaona mudomo tu."

"Ndivyo. Na wewe mudomo wa shimo yako ni mudogo tangu kuzaliwa. Picha inaona mudomo mudogo, inasema: shimo dogo, hakuna shida. Hii ingine inashuka mule ndani, inahesabu mawe, tabaka kwa tabaka."

Fabiola akaitikia kwa kichwa polepole. Hiyo aliielewa kuliko maelezo yote ya kliniki tangu aanze kuja. Daktari Modeste akaendelea kwa sauti ya chini, sauti wanayotumia madaktari wanapokaribia kumuumiza mtu.

"Mama, ugonjwa huu unaitwa glokoma. Macho yote mawili, la kushoto zaidi. Unakula pembeni kwanza. Inawezekana kwa siku nyingi hauoni mutu akiwa upande wako wa kushoto. Na mubaya zaidi, mwenyewe haujui. Kichwa kinajaza pengo. Mutu yuko pale, wewe unaona majani tu."

Christa aliandaa kitambaa, maana hapo ndipo wengi hulia.

"Rudia," alisema Fabiola.

"Pole, mama. Nasema pembeni kushoto..."

"Rudia ile ya mutu! Mutu anakuwa pale?"

"Anakuwa pale. Lakini wewe hauone mutu."

Fabiola akasimama. Akapiga kofi moja kubwa, akainua mikono, akaachia kigelegele kilichonyamazisha mabenchi yote ya nje. Akamshika daktari mabega na kumtikisa mpaka miwani ikaanguka.

"Sikuona mutu! Nilisema! Sikuona mutu! Daktari, Mungu akubariki wewe na wajukuu yako! Siko mwizi, niko kipofu!"

"Mama, hauko kipofu, na hii si habari nzuri," Modeste alisema huku akipapasa chini kutafuta miwani.

"Kwako!"

Ilibidi aketishwe na kupewa maji ndipo daktari amalizie. Alichopoteza hakitarudi. Atatia matone kila usiku, maisha yake yote, ili kilichobaki kibaki. Kliniki itampa matone muda wote wa ulinganisho huu wa mashine. Ukiisha, atanunua mwenyewe, na dawa yenyewe inavuka mpaka, na bei yake inajua kupanda tu. Kuna kipimo kingine cha kuona pembeni, lakini mashine yake imeharibika na kipuri hakijafika. Fabiola alisikiliza yote. Na hapo, baada ya kigelegele, hofu ikamshika kweli. Alijifunika jicho la kulia kwa kiganja, akatazama chumba kwa la kushoto peke yake, akaona jinsi Christa alivyotoweka kwenye kiti chake kama mtu aliyefutwa. Akashusha mkono haraka.

"Na chumvi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mutanirudishia siku gani?"

Daktari na Christa wakatazamana.

"Chumvi gani, mama?"

Waliposikia kisa chote, pamoja na kuku aliyekwenda kutembea Rutshuru, Christa alilazimika kutoka nje. Alirudi akifuta machozi, akamweleza kwamba tansiyo ya macho ni maji yanayojaa ndani ya jicho na kusukuma neva, si ile ya damu, na chumvi haina habari nayo. Nje ya lango Fabiola alimsimamisha muuza mayai ya kuchemsha. "Chumvi, mutoto yangu, usione haya. Mwaga." Alikula yai lile amefumba macho, amesimama katikati ya watu, akahisi kama ni Krismasi.

Saa tisa alikuwa uwanjani, uwanja wa vumbi jeusi nyuma ya shule ya msingi. Twagirayezu alikuwa pale tayari, ameshika kofia kwa mikono miwili, na alipomwona mkewe akamkimbilia.

"Mama Umuhoza, usiwe na hasira. Hata wakisema nini."

"Papa Umuhoza, leo nitakasirika vile ninapenda. Daktari ameruhusu. Na usiku tutakula chumvi."

Watu walikuwa wamejaa kuliko siku ya fainali, maana mechi unaweza kuikosa lakini kesi ya mtu aliyekula, nani ataikosa? Komite iliketi nyuma ya meza ya shule, wazee watatu, na katikati Prezida Nshimiyimana mwenye suti ya kahawia, megafoni mbele yake na muhuri mkononi. Alikuwa anaupiga muhuri hewani kama anayeupasha moto. Upande wa pili walisimama wachezaji wa Radi na nahodha wao Jephté, beki mrefu ambaye tangu Jumapili hakuwa amelala wala kumsamehe mtu.

"Mama Uwitonze," Prezida alianza. "Wahenga walisema, lisemwalo lipo. Unasema nini?"

"Nasema hivi, Papa Prezida. Sikulaka. Niko mugonjwa wa macho. Sikuona mutu sababu macho yangu hayakumuona."

Akaweka zile karatasi mbili mezani. Prezida akavaa miwani, akazivuta karibu, akazisogeza mbali, akasoma maneno ya daktari kwa midomo. Kisha akatabasamu, na Fabiola hakulipenda tabasamu lile.

"Hii ni picha?"

"Ndiyo, Papa."

"Na hapa chini wameandika nini? Shimo la kawaida. Kawaida!" Akaiinua picha watu waione. "Mabibi na mabwana, picha inasema macho ni mazima. Hata Ulaya, kukiwa ubishi wa bao, wanatazama picha. Hawatazami hii ingine ya rangi rangi, kama dessin ya watoto wa maternelle, michoro ya chekechea!"

"Papa Prezida, picha inaona mudomo wa shimo tu. Kama vile choo..."

"Kama nini?"

"Choo, Papa. Mukipiga picha ya choo kutoka juu, hamujue..." Hapo Fabiola alipotea. Pale kliniki maneno yalikuwa yamenyooka, lakini mbele ya kadamnasi yaligeuka. "Ni kusema, mimi kwa jicho niko na choo kidogo, lakini kirefu."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Watu walipigana mabega. Hata wazee wa Komite waliinamisha nyuso. Fabiola mwenyewe, aibu imempanda mpaka masikioni, alijikuta anacheka pia, maana kweli ilikuwa inachekesha.

"Na hapa imeandikwa tansiyo," Prezida aliendelea baada ya kugonga meza. "Tansiyo! Mimi mwenyewe niko na tansiyo miaka yote. Napunguza chumvi, basi. Sijawahi kula mechi ya mutu!"

"Sema tena, Prezida!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na kicheko kikaanza upya, lakini hiki kilikuwa na meno.

Prezida akakunja uso. Akalowesha muhuri kwenye wino. Akavuta megafoni, akaibonyeza, ikapiga mluzi. Fabiola aliona kila kitu kinakwenda: kibendera, kopo, gunia, wateja wa Birere, jina. Alisimama wima akamkazia Prezida macho, hakutaka kulia.

Jephté ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alitoka kwa wenzake akiwa ameuma meno, akatembea moja kwa moja mpaka ubavuni mwa Fabiola, upande wa kushoto, akainua ngumi karibu kabisa na sikio lake. Hakutaka kumpiga. Alitaka amgeukie, amtazame, aone aibu. Twagirayezu akaangusha kofia.

Fabiola hakugeuka. Hakupepesa. Aliendelea kumtazama Prezida.

Jephté akashangaa. Akaisogeza ngumi, akaifungua, akapunga kiganja. Hakuna. Akanyoosha vidole vyote akavichezesha kama mtu anayecheza na mtoto mchanga. Hakuna. Mama mmoja mzee mstari wa mbele akasema polepole, "Lakini huyu hamuone," na neno likapita mdomo kwa mdomo: hamuone, hamuone. Kijana yule akashusha mkono. Uso wake wote ulikuwa umebadilika.

"Mama," alisema kwa upole.

Fabiola aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, kiwiko chake kikampata Jephté kidevuni, paa! "Yesu! Wewe umetoka wapi?"

Hapo hakuna aliyecheka mara moja. Jephté, kidevu mkononi, aligeukia meza ya Komite.

"Papa Prezida, nilikuwa hapa na ngumi. Mutu akiona ngumi, anafunga macho. Hata mwizi anafunga macho! Huyu mama hakuniona. Na yule mutu wa Chui, pia hakumuona." Kisha akamgeukia Fabiola. "Nisamehe, mama. Wiki nzima nilikuwa nakutukana."

"Nilikusikia, mutoto yangu. Masikio ni mazima."

Sasa ndipo kicheko kilipokuja, na ngoma ya washabiki ikaitika. Prezida Nshimiyimana alinong'onezana na wazee wenzake. Hakupenda, lakini uwanja mzima ulikuwa shahidi, na uwanja mzima haugongwi muhuri. Akainua megafoni.

"Komite imeona... Komite imeona kwamba mama huyu hakula."

"Kwa nguvu!" watu wakadai. "Kama ni ya kusema amekula, ungesema kwa nguvu!"

"HAKULA!"

Vigelegele vilipaa. Wanawake wa Birere waliingia uwanjani na kumzunguka Fabiola, Igihozo akiwa mbele na harufu yake ya vitunguu. Twagirayezu alilia waziwazi bila haya yoyote, na mkewe akamfuta machozi kwa ncha ya kilemba. Fabiola alijisikia mwepesi, mwepesi kabisa, kama gunia limemtoka kichwani.

Prezida alingoja kelele zipungue. Kisha akatazama saa, akatazama wachezaji wa Radi na wapinzani wao wa siku hiyo waliokuwa wanapasha misuli, akachukua kibendera kilichokuwa mezani akamnyooshea Fabiola, kwa upande wa kulia anaouona.

"Bon. Yamekwisha. Mama, shika drapo, mechi ichezwe. Wengine wa drapo hawajakuja, hatuna mutu mwingine."

"Papa Prezida, lakini sioni kushoto."

"Tumesikia. Shika tu. Nani atajua?"

"Chukua, mama!" Jephté alisema. "Sisi Radi tunakukubali. Heri wewe na nusu ya macho kuliko hawa wengine na macho mazima."

Watu wakashangilia. Fabiola alikitazama kile kibendera. Alikipenda, Mungu anajua. Alipenda kukimbia na kilemba kimekazwa, alipenda kuitwa kwa jina lile, na hata posho ndogo ya mechi ilikuwa inasaidia siku ambazo gunia haliishi. Mkono wake uliinuka nusu, ukashuka.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Jumapili sikuona, na sikujua kama sioni. Hiyo ni ugonjwa. Leo najua." Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ngoma ilikuwa imenyamaza. "Nikishika drapo leo, watoto wa watu wanakimbia pale, mimi najua kama siwaone, na mwisho napokea posho, hapo Papa Prezida ndiyo nitakuwa nimekula."

Prezida alibaki na kibendera hewani.

"Na wewe," Fabiola akaendelea, na sasa alikuwa anatabasamu, "unajua kama sione, unanipatia. Wewe tukuiteje?"

Yule mtu wa nyuma, ambaye hadi leo hajajitaja, ndiye aliyeanza. "Komite kwa mashine!" alipaza sauti. "Wapimwe na wao!" Mwingine akadaka, kisha wamama wa Birere, kisha Radi wote, kisha na wapinzani wao, ngoma ikapata mapigo yake na uwanja mzima ukaanza kuruka: "Komite kwa mashine! Mashine ya ndani! Hapana ya picha!" Jephté aliruka juu kuliko wote, kidevu kimevimba. Fabiola alicheka mpaka akashika magoti, na machozi yakamtoka katika macho yote mawili sawasawa.

Prezida Nshimiyimana aliweka muhuri ndani ya mkoba, akafunga zipu, akatazama kulia na kushoto akitafuta njia ya kupita. Mechi ilichelewa sana kuanza siku ile, na hakuna aliyelalamika.